Kivuli cha Wiki Ijayo

Jumapili ile mumewe Kiyoharu alipofariki, Hatsue aliacha kutazama katuni yao. Kila wiki iliishia kwa kivuli cha zimwi lijalo, naye Kiyoharu alikuwa akikisia ni la nini. La mwisho alisema ni la theluji.

Leo, ndani ya treni ya Sendai, wanafunzi wawili walikuwa wakibishana kando yake kuhusu katuni hiyohiyo.

"Yaleyale, Souta! Zimwi linakuja, linapigwa, kwisha. Hukui wewe?"

"Ndiyo raha yake, bwana. Najua litashindwa, nakula wali wangu kwa amani."

Zimwi lililoingia nyumbani kwa Hatsue Jumapili ile halikushindwa. Akafungua kinywa awaulize kama kivuli kile cha mwisho kilikuwa cha zimwi la theluji kweli, lakini milango ilitangulia kufunguka. Wakashuka wakitaniana.

Kesho ni Jumapili. Televisheni ya Hatsue itabaki imezimwa.