Salfeti Chini ya Kiti

Angetile alipanda Noah ya abiria ya kutoka Busale kwenda Kyela mjini, akakaa dirishani. Wawili waliokaa kando yake walikuwa wakibishana juu ya kesi ya kakao iliyoibwa shambani kwake, na hawakujua kwamba mwenye shamba ndiye yeye.

"Yule mtoto ana miaka kumi na minne, anachuma kakao za watu, halafu hakimu anamrudisha kwao, eti ustawi wa jamii watamwangalia!" alilalamika mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Dickson. "Angefungwa, angejifunza."

"Angejifunza kwa nani, kaka? Kwa majambazi?" Nasma, mwenye duka la vitenge mjini, alikunja uso. "Sasa anasoma, na Jumamosi anampalilia mwenye shamba. Hiyo ndiyo adhabu."

Kusema kweli alikuwa anapalilia vibaya, lakini Angetile hakuona haja ya kulitaja.

"Tena mtoto hawezi kula gunia zima la kakao mbichi," Nasma akaendelea. "Aliyenunua yuko wapi? Mbona yeye hakupandishwa kizimbani?"

"Huyo ni mfanyabiashara tu. Atajuaje imetoka wapi?"

Gari likasimama sokoni. Dickson akamwomba Angetile anyanyue miguu, akavuta kutoka chini ya kiti salfeti yake, gunia lile la plastiki alilomwambia konda tangu Busale kuwa ni la mchele. "Ndaga, mama," alishukuru, akashuka.

Angetile akatazama ndala zake. Zilikuwa zimelowa maji meupe yanayonata, yenye harufu ya uchachu wa kakao iliyopasuliwa asubuhi ile.