Jiwe Halijadondoka

Kijiwe chetu kiko Korogwe, kando ya barabara, penye benchi moja na birika la kahawa la Mustapha. Mimi hapo naitwa Profesa, kwa darasa la tano langu hilohilo. Asubuhi ile mwenzetu Mhina alitoka kwenye mkonge anachechemea, nyoka kifutu kamgonga kifundoni. Jiwe jeusi la nyoka ninalo mimi, la babu yangu, limeponya watu mpaka wilaya ya pili. Nikachanja, nikabandika, likanata. Sharti ni moja: mgonjwa hanyanyuki mpaka lidondoke lenyewe.

— Profesa, mguu unavimba, alisema Mustapha.

— Hiyo ni sumu inajikusanya ije kwenye jiwe.

— Bodaboda ile pale. Hospitali dakika kumi.

— Jiwe likitikisika njiani, umemuua wewe.

Kaleb, tunayemwita Redio, akaweka kikombe chini.

— Sadala si alibandikwa hilihili? Mwaka jana tumemzika.

— Sadala alikunywa maji. Kavunja sharti.

— Na bibi yake Yuditha?

— Yule aligongwa na nyoka jike. Hili ni jiwe la dume.

— Jike au dume ulimjuaje, na nyoka alikimbia?

— Kwa vile bibi hakupona.

Redio akafikiri kidogo, akakubali. Akaongeza na yake:

— Halafu nyoka wa siku hizi wanalala kwenye mahindi yenye dawa. Sumu imekuwa nzito. Jiwe lipewe muda.

— Mwacheni Profesa, nalisikia linavuta, alisema Mhina. Ulimi ulikuwa mzito, jasho linamtiririka.

Mustapha hakumimina tena.

Ndipo akafika Zamda, mke wa Mhina, kateremka kwenye gari la Segera na beseni lake la machungwa. Hakutusalimia. Alipiga magoti, akajaribu kuishusha suruali ya Mhina tuliyoikunja. Haikushuka.

— Mlipokaa hapa, uvimbe ulikuwa umefika wapi?

Mustapha akatazama birika. Redio, asiyenyamaza hata msibani, akaokota kikombe chake akanywa. Mimi nilijua: kifundoni. Sasa ulikuwa umepita goti.

— Shemeji, lina masharti yake hili...

— Nimeuliza uvimbe, shemeji.

Nikampungia mwenye bodaboda. Tukampakia Mhina katikati, kichwa kimelala, Zamda nyuma kamkumbatia.

— Mbio, alisema Zamda.

Nami, Profesa mzima, nikajisikia namwambia dereva:

— Taratibu bwana, jiwe lisidondoke.