Mzima Machoni pa Watu

Mchungaji, wazee wa kanisa, Mama Armel na watoto, majirani wa St. James Town hapa Toronto, na ninyi mliotoka Dixon na Hamilton mkabadilisha mabasi kwenye baridi hii, familia imenituma mimi, shemeji yake, nisimame niwasimulie maisha ya ndugu yetu Télesphore Mwenebatu Kashindi, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu, na wachache mlimwita majina mengine, ambayo leo tutayaacha mlangoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, Kivu Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ismaël Kashindi, fundi seremala, na mama Venantie, aliyeuza ndagala sokoni, na waliomjua utotoni wanasema utundu wake ulikuwa wa mdomo tu, kwani mikono ilikuwa na kazi ya kuanika samaki na kufukuza kunguru, na huko ndiko alikojifunzia kuhesabu, samaki waliobaki upande huu, kunguru walioshiba upande ule.

Alianza shule ya msingi palepale Uvira Septemba 1974, akamaliza 1980, akaenda sekondari ya ualimu Bukavu, akapata diploma ya serikali Julai 1987, na baba yake akaitengenezea diploma hiyo fremu ya mbao nzuri kuliko aliyoitengenezea picha ya harusi yake mwenyewe, jambo ambalo mama Venantie hakulisamehe hadi anaingia kaburini.

Kazi yake ya kwanza, na kusema kweli kazi yake ya maisha, ilikuwa kufundisha hesabu, aliyoifanya Uvira hadi Oktoba 1996, vita vilipomfukuza akavuka ziwa hadi Kigoma na kupelekwa kambi ya Nyarugusu, ambako kabla hajapewa blanketi la pili alikuwa amekwisha kukusanya watoto chini ya turubai, akawachapa waliochelewa, ingawa hapakuwa na saa wala kengele. Ni kwa ajili ya fimbo hiyo dada yangu Nicole, huyu Mama Armel wa leo, alikwenda kumkabili mwalimu aliyemchapa mdogo wake, yaani mimi ninayesoma hapa, akarudi jioni akiwa amesahau kabisa alichoendea, na Jumamosi tarehe 8 Agosti 1998 wakafunga ndoa, mahari ikiwa baiskeli moja na maneno mazuri, baiskeli ilikuwa mbovu, lakini maneno yalikuwa ya kweli. Mungu akawajalia Armel tarehe 3 Mei 2000, na Melissa tarehe 17 Oktoba 2003, wote hukohuko kambini, na Généreuse tarehe 25 Januari 2011, hapa Toronto, ambaye baba yake alikuwa akimtambulisha kwa wageni kama Mkanada wa kwanza wa ukoo wa Kashindi.

Walifika mji huu tarehe 19 Novemba 2009, wakapewa nyumba ghorofa ya kumi na nne St. James Town, na kwa kuwa diploma ya Bukavu haikuwa na mtu wa kuisoma, Mwalimu alivaa buti na kofia ya plastiki akaenda kupakia maboksi ya kuku wa barafu kiwandani, pembeni kabisa mwa mji, na hakuona aibu, alikuwa akirudi ananuka baridi na kuku, anawachekesha watoto kwa kumwigiza msimamizi wake, na siku ya mshahara tulikula sombe, yaani kisamvu, na ndagala, sahani zikifika mpaka mlango wa jirani. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mama Armel anapenda tuizungumze, na mimi pia, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kicheko ambacho ukitoka kwenye lifti tu unakisikia.

Tarehe 6 Februari 2014 aliteleza na boksi begani, pingili mbili za uti wa mgongo zikaachia, na rafiki yake wa zamu moja, Onesphore, Mrundi wa Rumonge, hakungoja machela, alimbeba mgongoni kutoka kwenye chumba cha barafu hadi getini huku akimwimbia nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya sana. Marehemu alipasuliwa mara mbili, Aprili 2014 na Januari 2015, mguu wa kushoto ukabaki unawaka moto ndani, hakuweza tena kukaa kitini wakati wa mahubiri yote, wala kusimama foleni, na kuanzia Septemba 2015 akawa anaishi kwa msaada ambao serikali inawapa watu wenye ulemavu, msaada ambao hautoshi kushiba na hauruhusu kufa, ambao Mama Armel akiongeza zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi unapunguzwa, na ambao kila baada ya muda humtaka mtu athibitishe upya kwamba mgongo wake haujaota mwingine.

Lakini hilo la serikali alilizoea, lililomchosha ni la kwetu, maana maumivu yake hayakuwa na bandeji, akija kanisani na mkongojo ilisemwa anaigiza, akija bila mkongojo ilisemwa amepona, akicheka harusini ilisemwa anakula kodi za watu, na mwanamume wa Uvira kubaki nyumbani akisuka nywele za binti yake huku mkewe yuko kazini, hilo lilizungumzwa hadi Ottawa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, ila sisi kovu lenyewe hatukuliona, limefunikwa na shati, tukahukumu shati.

Na bado, ndugu zangu, ile ndiyo miaka mizuri ambayo nusu ya vijana waliokaa humu leo wanaikumbuka, kwa sababu alitandika godoro sebuleni, akalala chali, na watoto wa jengo zima wakija kutoka shule walikaa kulizunguka na madaftari yao, wao wakijibu kwa Kiingereza, yeye akijifanya hasikii mpaka waseme kwa Kiswahili, na saba mara nane ikiwa hamsini na sita kwa Kiswahili alikuwa anapiga makofi juu ya kifua chake mwenyewe. Hakutoza chochote, akiletewa sahani ya mihogo alikula, asipoletewa alifundisha, na hata hapo walitokea waliosema ana shule ya siri inayomlipa.

Onesphore alifariki kwa ugonjwa wa moyo Julai 2018, akazikwa Jumamosi tarehe 21. Sote tunajua desturi yetu, wanaume wanaingiza mabega chini ya jeneza kutoka madhabahuni hadi kwenye gari, wanapokezana, na asiyeingiza bega hutazamwa kama mtu aliyekuwa na neno na marehemu, na Mwalimu alikuwa amekwisha kusimama kando kwenye misiba mingi akilivumilia jicho hilo. Siku ile alimpa Melissa mkongojo, akaingiza bega, akambeba aliyembeba, akashuka naye ngazi zote za kanisa bila kupokewa, uso umenyooka kama wa mtu mwenye mgongo mzima, na Mama Armel peke yake ndiye aliyeona jasho, maana siri ya mtungi aijuaye kata.

Mtu alikuwa anapiga video ili ndugu wa Rumonge nao wazike, ni jambo jema, tunalifanya daima, ila kabla hatujamaliza kula chakula cha msiba ilikuwa imezunguka kwenye simu zote, na chini yake maswali, huyu ndiye mgonjwa wetu, jeneza analiweza, boksi la kuku linamshinda, kisha mmoja akaituma kwenye ofisi inayotoa msaada. Msaada ulisimamishwa, nyumba ile ikala uji Agosti hadi Desemba, na muda huo wote Mwalimu hakuinuka kwenye godoro bila kushikwa kwapa. Mwisho daktari wake alisema aliyosema, ofisi ikamwamini, ikarudisha msaada, watu wasiojua hata kutamka jina lake wakakubali kwamba anaumwa, na hapa kwetu hakuna aliyefuta video. Hakununa, hakumtafuta aliyeituma, ila toka siku ile hakuhudhuria msiba hata mmoja, na alipoulizwa na mkewe alimjibu kwamba amechoka kupimwa bega penye kilio.

Dawa za maumivu alizokunywa miaka kumi zilimla figo, akaanza kusafishwa damu Mei 2024, mara tatu kwa wiki, akawa anawafundisha hesabu wauguzi, na asubuhi ya Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Mama Armel na Généreuse, alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na miaka hamsini na saba.

Sasa kuna neno aliloliacha, nalo nalisoma kwa sababu tangu asubuhi nimesikia minong'ono hapo nje, kwa nini jeneza liko juu ya magurudumu, je, familia hii imekosa wanaume. Hatukukosa, Armel ana mabega mawili na mimi pia. Septemba mwaka huu, mbele ya mchungaji, Mwalimu aliomba jeneza lake lisibebwe na mtu, lisukumwe taratibu, na kila anayetaka atembee nyuma yake, mwenye fimbo na fimbo yake, mwenye kigari na kigari chake, asiyeweza kutembea akae palepale alipo, na asiulizwe mtu. Mchungaji alisita kidogo, akakubali, na sisi tutatii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, na yule daktari wa mgongo aliyesema kweli ilipohitajika kusemwa, Bi Naseem wa mlango wa pili, mzaliwa wa Tanga, ambaye sambusa zake zilifika kila Ijumaa, wenzake Mwalimu wa kiwandani waliokuja leo wakitoka zamu, mchungaji na kwaya, na ninyi watoto wote wa godoroni, ambao baadhi yenu sasa ni watu wazima na mmekuja na watoto wenu.

Lala chali kama ulivyozoea, Mwalimu, huko uendako hawakuombi uthibitishe kwamba unaumwa. Pumzika kwa amani.