Nezahat, Mgonga Boneti za Mtaa

Ndugu waombolezaji, majirani zetu na nyote mliosimama kwenye theluji hii, mimi ni Rıfat, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi nifike mwisho kabla sijalia.

Dada yetu Nezahat Aktuna alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 hapa Erzurum, akamaliza shule ya msingi mwaka 1962, akajifunza ushonaji, na kuanzia 1968 hadi alipostaafu mwaka 1999 alishona sare za wanafunzi, na wengi mlio hapa mlivaa kola zake, zile za kukaba shingo.

Tarehe 4 Mei 1974 aliolewa na Şükrü, dereva wa teksi, Mungu amrehemu, wakajaliwa binti mmoja, Gülbin, huyu hapa. Asubuhi moja ya Januari 1983 shemeji aliwasha gari bila kujua kwamba paka ameingia kwenye injini kutafuta joto, na kilichotokea sitakisema mbele ya watoto, ila shemeji alishinda bila kula, na tangu siku hiyo dada hakupita kwenye gari lililoegeshwa wakati wa baridi bila kugonga boneti ili paka aliyejificha atoke.

Akaanza na kuwapikia paka wa mtaa: mapafu ya kondoo aliyachemsha pamoja na mabaki ya mkate, akayapeleka nje yangali moto katika mabakuli ya plastiki, kwa sababu kwenye bati ulimi hunata kwa baridi, na maji ya uvuguvugu aliyabadilisha kila yalipoganda. Jirani yetu Cevdet akampigia kelele dirishani, "Dada Nezahat, mtaa mzima umeugeuza zizi la paka!", naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Shuka basi, Cevdet, nawe nikupakulie." Mtaa ulicheka, Cevdet akanuna mpaka theluji ikayeyuka.

Novemba iliyopita kifua kilianza kumbana, akalazwa tarehe 2 Januari, na kila tulipoingia wodini hakuuliza majibu ya vipimo, aliuliza, "Mmegonga?" Cevdet alipokuja kumjulia hali, machungwa mkononi, dada akamwambia, "Wewe una mkono mzito, magari nakuachia wewe," na Cevdet akakosa pa kukimbilia. Dada alituaga alfajiri ya tarehe 14 Januari 2024. Jamani, inauma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa cherehani, mchinjaji Vahit wa yale mapafu, na majirani mliotuletea supu. Imamu ameshawauliza kama mnamsamehe marehemu, mmeitikia wote, na sauti ya Cevdet niliisikia juu ya zenu.

Sasa, gari la jeneza limesimama pale tangu kabla ya sala, na nimeona mkia ukipotelea chini yake. Dereva, usiwashe kwanza. Cevdet, ndugu yangu, nenda kagonge. Nawe dada, pumzika kwa amani, tunasubiri paka atoke ndipo tukupeleke.