Njano ya Maganda ya Vitunguu

Basi la Buger lilikuwa halijaiacha Karatu vizuri pale akina mama wawili wa kiti cha mbele walipoanza kuzozana kuhusu magauni ya kwaya yao. Nyuma yao Janeth, aliyeyatia rangi magauni hayo jikoni kwake Ganako, akavuta shuka akafunika mikono.

"Tumeimba mbele ya askofu na mabaka kama fisi!" alisema yule aliyebeba mtoto. "Mama Aloyce kayaloweka na dawa ya madoa, basi."

"Anaapa alifua na sabuni ya mche tu," mwenzake akajibu. "Mmemtoa kwenye kwaya bure. Mimi namshuku huyo mtia rangi."

"Yule wa Ganako? Si ndiye aliyesema maganda ya vitunguu yanachemshwa na shabu ndipo rangi ishike? Mtu anayejua hivyo ataachaje kuiweka?"

Ataachaje. Janeth alikumbuka duka lililoishiwa shabu, na alivyojiambia kwamba chumvi itatosha, maana rangi ilikuwa imependeza sana sufuriani. Alifungua mdomo aseme. Akakohoa, vumbi, bila shaka.

Basi liliposimama Buger, mtetezi wake aligeuka akitabasamu. "Dada, hebu nipokelee mtoto nishushe mzigo."

Janeth akaitoa mikono. Kucha zote zilikuwa za njano, kwa kazi ya jana.

Yule mama akazitazama. Kisha, taratibu, akamrudisha mtoto kifuani.