Gari la Glenys Laandikiwa Bei

Kwenye basi la kwenda Merthyr, mji wetu huku Wales, kiti cha mbele yangu, Glenys alimgeukia Emrys, mweka hazina wa kampeni yao ya kuokoa wodi ya watoto ya hospitali isifungwe.

"Gari la marehemu mume wangu niliwapa bure mzunguke nalo wakati wa uchaguzi kuwaombea kura wanaoitetea wodi. Leo unaliandikia pauni mia nne?"

"Sheria ya uchaguzi inataka hata cha bure kiandikwe kwa bei ya kukodi, dada. Nisipoandika, faini ni yangu."

"Na ripoti yako ya hesabu inawekwa hadharani. Mtaa mzima utasema nililipwa."

"Imeandikwa wazi ulichangia."

"Nani kwetu husoma mpaka mwisho, bwana we?"

Basi likasimama. Kwetu hata mlevi humshukuru dereva akishuka. Glenys alishuka bila kumshukuru.