Kura Tisa za Saint-Évrin

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Meya mteule, Padri Quesnel, waheshimiwa madiwani, Ndugu Kamanda wa Zimamoto na kikosi chako, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliosimama karibu na mapipa ya mvinyo wa tufaha kana kwamba mmeajiriwa kuyalinda: habari za mchana!

Leo navua utepe huu wa umeya wa rangi tatu baada ya miaka kumi na tisa, na nauvua kwa furaha, maana miezi sita iliyopita nilidhani ningeuvua nikiwa meya wa mwisho wa Saint-Évrin.

Tulikuwa tuunganishwe na mji jirani wa Montcaslin, jina letu lifutwe kwenye vibao na kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mji huu ulichomwa mara mbili na Waingereza, ukapigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia na hao hao waliokuja kutukomboa, na kila mara mkaujenga palepale, mnara wa kanisa ukiwa umepinda vilevile. Je, leo ungeuawa na karatasi?

Afisa aliyetumwa kutushawishi alikuwa mtu mstaarabu. Nikampeleka kwenye mnada wa ndama wa Alhamisi, awaulize wananchi wenyewe. Akaanza na Mzee Léonce Bisson, huyu hapa mbele anayejifanya hasikii.

"Mzee, unauonaje muungano?"

"Si mbaya."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Sijasema hapana."

"Basi ni ndiyo?"

"Mwanangu, umekula wewe? Njoo unywe kitu kwanza."

Bwana wa watu akanywa, akaandika "ndiyo" kwenye daftari. Kufikia jioni alikuwa na ndiyo mia mbili, na amekula utumbo mpaka hawezi kuinama.

Na mimi nikaliamini daftari lile! Nilizaliwa Montcaslin, kilomita sita tu kutoka hapa. Nimeolewa kwenu miaka arobaini, na bado Bi Mauricette wa buchani ananiita "yule mgeni". Ana haki. Mwenyeji angekumbuka kwamba pale mnadani mtu hatoi neno lake mpaka viganja vigongane, na kwamba "sijasema hapana" ni hapana iliyovaa nguo za Jumapili. Mimi nilikonda, nikakosa usingizi, nikaanza kuuaga mji kimoyomoyo.

Kisha tukapiga kura ya siri kuhusu muungano, tukahesabu. Hapana, mia nne na kumi na mbili. Ndiyo, tisa. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi huu nikalia kwa nafuu, bila aibu, na Mzee Léonce akanipa leso yake: "Mama Meya, kwani hukutusikia? Mbona tulisema wazi kabisa!"

Tangu siku hiyo mnawasaka wale tisa. Mmemshuku mwalimu. Mmemshuku mfamasia, maskini, hadi wengine mnaendesha gari kwenda Montcaslin kununua dawa ya kikohozi.

Ndugu zangu, wanane siwajui. Wa tisa ni mimi.

Niliogopa shule itafungwa tusipoungana, nikadhani mmeshaamua, nikakosa ujasiri wa kubaki peke yangu upande wa hapana. Mwombeni radhi mfamasia, kama mimi ninavyowaomba nyinyi. Mlinishinda, na sijawahi kushukuru hivi kwa kushindwa.

Nimeutua mzigo. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenye la kuniambia aje, nipo.